Hasara Niliyoisamehe Mtoni

Gari yangu iligongwa Mtoni, nikitoka kuwapeleka wageni Nungwi. Lori la mchanga lilinivaa kwa mbele, likaiponda boneti na injini. Dereva wake, mzee wa umri wa baba yangu, aliteremka akiniomba radhi. Watu wakajaa, na kama ilivyo kawaida yetu, wakatusihi tusifikishane polisi.

"Mshukuruni Mungu, mu wazima. Msamehe, bibi, yaishe."

Papo hapo tukainua mikono, ikasomwa Fatiha. Nikamwambia mzee, "Nshakusamehe, baba." Siku nzima nilijiona mtu mwema, nikajisifu moyoni.

Bima yangu ilikuwa ile ndogo, inayomlipa mwingine tu. Gari nikaitengeneza kwa akiba yangu yote. Wakati wa kodi ya mapato ulipofika, nikabeba risiti hadi ofisi ya kodi kuomba hasara ile iondolewe kwenye mapato kabla sijakadiriwa. Nikikataliwa, ingenibidi niuze gari yenyewe ili nilipe kodi, na gari hiyo ndiyo iliyokuwa ikitulisha, mimi na mama yangu asiyeweza tena kuinuka kitandani.

Afisa alikuwa mwanamke wa rika la binti yangu, mpole.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu."

Alizisoma risiti moja moja, kisha akataka ripoti ya polisi. Nikamweleza yaliyopita.

"Kwa hiyo ulikuwa na haki ya kulipwa, ukaiacha?"

"Nlisamehe."

Aliinamisha macho. "Basi kwetu hiyo si hasara ya biashara, Bi. Umetoa kwa hiari yako, sawa na sadaka. Siwezi kuiondoa."

Nilitaka kufoka, lakini nimfokee nani? Nikarudi Mtoni kumtafuta yule mzee, angalau aniandikie barua kwamba ndiye aliyenigonga. Nikaelekezwa kwake; alinipokea kwa furaha, akanitilia chai. Nilipomwambia haja yangu, uso ukamsawijika.

"Nikiandika, mwanangu, tajiri wa lori atanfukuza. Nna wajukuu ndani."

Nilimchukia, kisha nikajichukia mwenyewe. Chai nikaimaliza, nikaaga.

Gari ikapata mnunuzi kabla ya mwezi kwisha. Asubuhi alipokuja kuichukua, nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, namlisha mama uji. Injini ikawaka nje. Mama sikuwa nimemwambia kitu; akadhani gari inanisubiri mimi, akanyanyua mkono, akaniombea safari njema.

"Amin, mama," nikamjibu, nikamwekea kijiko kingine mdomoni.