Nilipokea Isale ya Mdogo Wangu

Kosa ni langu. Naanza hapo ili mtu asije akanitetea.

Mimi ni fundi simu, nimepanga chumba Majengo, naishi peke yangu. Mdogo wangu yuko nyumbani Kilema, huko juu mlimani. Alikuwa bodaboda mpaka alipoanguka akavunjika mkono wa kulia. Mfupa uliunga vizuri, ila yeye akawa hauamini tena mkono ule. Pikipiki akaifunika turubai nyuma ya migomba.

Ndipo nikapata wazo la ndege, hizi ndogo za betri unazoendesha kwa rimoti ukiwa chini. Nilitaka vidole vyake vizoee kazi. Jumapili akitoka kanisani anashuka kwangu, tunakata mabawa kwenye yale mapovu meupe yanayokuja ndani ya boksi la TV. Siku moja gundi ikamgandisha vidole kwenye bawa, akasema, "Kaka, mimi sasa ni abiria." Tulicheka mpaka mama mwenye nyumba akaja kuchungulia.

Zile Jumapili nazikumbuka mno.

Kazi yangu ilikuwa waya. Kwenye mabawa kuna vipande viwili vinavyopanda na kushuka, ndivyo vinavyoilaza ndege upande. Ukisukuma rimoti kulia, cha kulia lazima kiinuke. Unaangalia hilo kila mara kabla ya kurusha.

Tukaenda Bomang'ombe, kwenye shamba lililokwisha kuvunwa mahindi. Rimoti nikampa yeye, mimi nikashika ndege niirushe.

"Kaka, umecheki?"

"Nimecheki."

Sikuwa nimecheki. Upepo ulikuwa umetulia nami nikaona tutauchelewa, basi.

Ikapanda vizuri. Akaikata kulia, ikalalia kushoto. Akazidisha kulia, ikaenda chini pua mbele, ikasambaratika. Hakuiangalia ndege, aliuangalia mkono wake. Akasema, "Umenikataa tena huu."

Na mimi, jamani, nikamfokea! Nikamwambia si nilikwambia polepole. Wakati naokota mabaki na rimoti aliyoiacha chini, nikawa nimeshaona: kaswichi ka kugeuza mwelekeo kwenye rimoti kalikuwa upande usio wake. Nikakarudisha kwa kidole gumba, nikanyamaza.

Jumapili iliyofuata akaja na jani la isale. Kwetu Uchagani mtu akikuletea isale anaomba radhi, na hukatai. "Nisamehe kaka, nimekuharibia kazi." Hapo ndipo nilitakiwa kufungua mdomo. Nikalipokea jani, nikasema yameisha.

Pikipiki akaiuza.

Nilikaa na lile jani mpaka likakauka. Mwisho nikapanda Kilema na isale yangu mwenyewe, nikamweleza yote. Alikunja vidole vya mkono ule, akavikunjua.

"Nimekusamehe kaka, isale ni isale. Ila ungeniambia pikipiki ikiwa bado ipo."

Nikimpigia simu anapokea. "Shikamoo kaka," halafu kimya. Kushuka, hashuki. Nimeunda ndege nyingine, nimeicheki mara nyingi kuliko inavyohitaji. Lakini hizi mmoja anarusha, mwingine anashika rimoti, kwa hiyo iko juu ya kabati.

Wewe unayesoma, mtu akikuletea isale kwa kosa ulilofanya wewe, usiipokee. Mwambie ukweli hapohapo mlangoni, hata kama atageuka aondoke. Ukichelewa atakusamehe tu, tena kwa moyo safi, na Jumapili utakuwa chumbani wewe na ndege yako.