Kihispania cha Ghalani

Mara ya kwanza kufanya biashara na fundi huyu wa cherehani, alinishinda bila kufungua mdomo. Aliingia dukani kwangu kutafuta bitana, pini zimejipanga midomoni kama meno ya ziada, maana alikuwa ametoka mbio katikati ya kazi. Nikataja bei. Akatikisa kichwa. Nikashusha. Akatikisa tena, akaangalia mlango. Nikashusha mpaka nikajishangaa mwenyewe, naye akalipa, akabeba mzigo wake, akaenda zake. Tulipozoeana ndipo akaniambia kwamba bei ya kwanza ilimfaa kabisa. Kichwa alikitikisa kwa sababu nzi alikuwa amemng'ang'ania sikioni.

Nilimheshimu tangu siku hiyo, hata kama heshima yenyewe nzi ndiye aliyeistahili.

Alikuwa amepanga chumba cha nyuma ya duka langu, mlango umeangalia uchochoro, cherehani dirishani, meza ya kukatia katikati, sare za shule zimening'inia ukuta mzima kama darasa lililokimbiwa na wanafunzi. Mjane. Kanizidi umri, kwa hiyo mimi nilimwita dada, yeye akaniita mdogo wangu, hasa akitaka kitu. Mtoto wake mmoja wa kiume alikwenda nje kufanya kazi ya mabomba ya maji, akaoa hukohuko mwanamke wa Kihispania, wakapata binti. Baba mtu anatoka mtoto kalala, anarudi mtoto kalala. Kiswahili angekinyonya wapi? Mjukuu akawa anazungumza lugha ya mama yake tu. Bibi mtu alikuwa akimwona kwenye simu, anampungia mkono, anatabasamu mpaka mashavu yanauma, basi, mazungumzo yamekwisha.

Kisha kukawa na likizo ndefu ya shule, wazazi wote wawili kazini. Mwana akasema mtoto aje akae kwa bibi yake. Mkwe akakataa. Si mkwe mbaya. Alichouliza hata mimi ningeuliza. Mtoto akiumwa na tumbo, atamwambia nani? Akiitwa barabarani gari linakuja, ataelewa? Akatoa sharti: bibi ajifunze maneno machache, ayatamke sawasawa, na yeye atayasikiliza kwenye simu kabla ya kukata tiketi. Mtoto aje au asije, ilikuwa juu ya ulimi wa fundi.

Ndipo akaja kwangu. Ujanani niliwahi kufanya kazi ughaibuni, kwenye ghala la nguo, nikichambua marobota pamoja na wanawake waliozungumza Kihispania. Lugha yao niliiokota palepale chini, kama nilivyookota kila nilicho nacho. Nikamuuliza atanipa nini. Akasema hana kitu ambacho mimi siuzi. Tukavutana, tukakubaliana: nitamfundisha, naye atanipindia mapazia ya dukani bure, tena nitafundisha huku anashona ili muda wake usipotee. Niliona nimepata. Mapazia yalikuwa mengi.

Nilianza kwa kumtia moyo. Nikamwambia irabu zao ni hizihizi zetu, a, e, i, o, u, hazipindi wala hazivutwi, kwa hiyo nusu ya kazi mama yake alishaimaliza zamani. Akafurahi. Kisha tukaingia kwenye ile nusu nyingine.

Kuna herufi h, nikamwambia, inaandikwa lakini haitamkwi. Akasimamisha cherehani. Akataka kujua inalipwa nini sasa. Nikamkumbusha makoti anayoshona yenye mfuko wa juu uliofungwa, hauingii hata sindano. Akakubali, shingo upande. Kuna j, hiyo si ya jirani, inatoka kooni kama kh ya kheri. Kuna r inayozungushwa, nayo ikamkataa kabisa. Nikamwambia aisikilize cherehani yake inavyoanza kukimbia, akaiga, akapaliwa na mate. Halafu uzito wa neno. Sisi tunauweka silabi ya pili kutoka mwisho, kila neno, tumemaliza. Wao mara hapa, mara kule, na mara nyingine wanautupa mwisho kabisa kama mtu anayeshusha gunia mlangoni. Neno linaloishia na konsonanti alilitilia irabu ili lisianguke. *Ven*, yaani njoo, v yake ikitoka kama b, yeye akasema *beni*. Nikamwambia afunge mlango wa neno. Akaufunga, ukafunguka tena.

Kilichomchanganya zaidi ni asante. Wanawake wa ghalani walitoka nchi mbalimbali: wengine walisema *gracias* kwa th ya thelathini, wengine kwa s ya sukari, na wote walielewana. Akaniuliza ashike ipi. Nikamjibu ashike yoyote. Akasema hajawahi kuona kipimo kinachokubali vyote viwili, labda mimi mwenyewe sijui. Na kweli, sikujua.

Lakini ni mtu wa kazi. Alirudia na kurudia, mguu kwenye kanyagio, mpaka siku moja *¿dónde te duele?* yake, unaumwa wapi, ikatoka safi. *Ven aquí*, njoo hapa, mlango umefungwa. *No tengas miedo*, usiogope. *No corras, hija*, usikimbie binti, kh iko mahali pake, r inanguruma. Nikajiona mwalimu.

Simu ikapigwa. Nilisimama nyuma ya sare nisionekane. Fundi akakaa wima, akayasema yote, moja baada ya jingine, hakukosea hata mahali pamoja. Mjukuu akamtazama. Kisha akashuka kwenye kiti, akaingia chini ya meza, hakutoka tena. Mkwe akazungumza na mumewe, na mumewe akatutafsiria: mama anatamka vizuri sana, hana cha kusahihisha. Ila mtoto anauliza yeye amekosa nini.

Simu ikakatwa. Tulirudia sauti zote, moja moja, kama watu wanaotafuta sindano kwenye zulia. Kh? Iko. Uzito? Uko. Yeye alidhani ni sura yake. Mimi nilidhani ni mtoto, maana mtoto wa watu huwezi kumjua. Mwana akasema watajaribu tena baada ya wiki, na mkwe ameshaanza kuulizia mtu wa kumlea hukohuko.

Kosa nililigundua uchochoroni. Nilikuwa napita na rundo la vitambaa, fundi yuko ndani anajizoeza peke yake. Nikasikia *ven aquí*, na miguu yangu ikaongeza mwendo yenyewe, kama ya mtu aliyechelewa kazini. Ile sauti naijua. Ghalani kwa *ven aquí* alikuwa akiitwa kuli anayejificha. *¿Dónde te duele?* tulimwambia mwenzetu anayelalamika robota zito, kwa kumsuta. Na *no tengas miedo* aliambiwa mnunuzi, kabla tu ya kupandishiwa bei. Herufi nilimuuzia nzima, lakini zilikuja na mahadhi yake, nayo yalikuwa ya kugombania mzigo. Mtoto alikuwa ameitwa na bibi yake kama kuli.

Nikaingia nikamweleza. Hakucheka. Akauliza, sasa mahadhi mengine yako wapi, nikamwambia mimi nilikuwa na hayo tu.

Tukiwa hapo akaingia mama mmoja na mwanawe wa kupimwa sare. Mtoto akaiona futi shingoni kwa fundi, akaanza kulia. Fundi akachuchumaa, pini midomoni, akawa anamnong'oneza maneno yasiyo na kichwa wala miguu, nyoosha mkono baba, haya, geuka, mkubwa wewe, na mtoto akageuka, akanyoosha, akapimwa. Walipotoka nikamwambia hiyo ndiyo sauti. Aiseme Kihispania kwa hiyo.

Akajaribu. Kazi yetu yote ikamwagika. *Ven* ikawa *beni*, r ikalainika ikawa l, uzito wote ukarudi silabi ya pili kutoka mwisho kama ng'ombe arudivyo zizini. Akibana sauti ziwe sawa, ukali unarudi. Akilegeza ukali, sauti zinabomoka. Tulihangaika hivyo siku nzima, hatukuweza kuvishika vyote kwa pamoja.

Nikamshauri abaki na matamshi. Sharti la mkwe lilikuwa matamshi, na mnunuzi unampa alichoagiza.

"Mdogo wangu," akasema, "wewe unamfikiria anayesikiliza. Mimi namfikiria anayekuja."

"Mkwe akikukataa je?"

"Kwani nilipoyapatia matamshi, alinikubali?"

Simu ya pili nilikaa dukani kwangu, sikutaka kuona. Alinisimulia mwenyewe. Alisema *beni aki* kwa ile sauti ya kupimia, na mjukuu akasogea kwenye simu mpaka ikaonekana pua tupu. Akacheka. Akamsahihisha. Fundi akarudia, akakosea upya, mtoto akacheka zaidi. Mkwe akawaacha wacheke. Mwishowe akasema atamleta mwenyewe, kwa nusu ya likizo, na atalala hapohapo siku za mwanzo ahakikishe.

Basi wakaja. Mkwe akalala kitandani, fundi na mjukuu wakalala kwenye godoro sakafuni, kisha mkwe akarudi kwao ameridhika, au amechoka. Mapazia yangu hayajapindwa mpaka leo. Mtoto ameyafunika juu ya meza ya kukatia, amefanya nyumba, na fundi ananiambia nisubiri, nyumba ya mtu haivunjwi. Nimeuza machache bila pindo, kwa bei ya aibu.

Yeye naye amepata mjukuu anayedhani bibi anaelewa kila kitu, kwa hiyo anamwaga maneno kama cherehani iliyokatika breki. Fundi anajibu *sí, mi amor*, ndiyo mpenzi wangu, kwa kila jambo. Jana alinijia ameweka mkono kifuani. Mtoto amesema maneno mengi, akamkazia macho, akangoja. Yeye akasema *sí*, mtoto akaruka ruka chumba kizima.

"Nimekubali nini?" akaniuliza.

Nikamwita mtoto, nikamuuliza kwa Kihispania changu. Akajificha nyuma ya bibi yake. Nikamwambia fundi kwamba katika maisha yangu sijawahi kukubali kitu kabla sijajua ni kitu gani.

"Mimi nimeshakubali," akasema, huku anampangusa mtoto makamasi kwa kipande cha bitana. "Tutajua akija kudai."