Sabuni, Chumvi na Mchepuo wa D

Fomu ilikuwa karatasi moja tu, ya rangi ya waridi iliyopauka, yenye visanduku vitatu: A, C na D. Tuligawiwa siku ya mwisho kabla ya likizo kubwa, katika lise, shule yetu ya sekondari ya juu, mjini Mahajanga, na mwalimu wa darasa alitusomea masharti akiwa amesimama mlangoni, kama mtu anayeogopa tutamtoroka. Kisanduku kimoja tu. Mlezi atie sahihi. Irudi siku ya kwanza ya muhula. Fomu iliyofutwafutwa haipokelewi, na nyingine hakuna.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Sharti hilo la mwisho lilininyima hamu ya kula kwa siku mbili.

A ulikuwa mchepuo wa lugha na historia. C ulikuwa wa hesabu. D ulikuwa wa viumbe, kemia na fizikia, na ndio uliokuwa njia ya watu wa tiba na dawa. Nami nilitaka dawa. Sikutaka kuziuza nyuma ya kaunta, nilitaka kujua zinafanya nini zikishafika ndani ya mwili. Neno famakolojia, jina la elimu hiyo, nililipata ndani ya ensaiklopidia ya Kifaransa isiyokuwa na jalada, iliyokuwa ikifungiwa karanga sokoni. Nilimwomba muuza karanga anipe kurasa za herufi P zote zilizobaki, maana Wafaransa huliandika kwa P. Alinipa, akanitazama kwa huruma.

Nilikuwa nikiishi mtaa wa Tsaramandroso kwa mama yangu mdogo, ambaye alipika mikate ya kuuza na kuumwa kichwa kila Ijumaa. Majirani walinijua kwa jambo moja: nilikusanya vile vikaratasi vinavyokunjwa ndani ya maboksi ya dawa. Shuleni tulifundishwa kwa Kimalagasi, vitabu vilikuwa vya Kifaransa, nyumbani tulichanganya Kimalagasi cha pwani na Kingazija. Kwa hiyo vikaratasi vile nilijisomesha mwenyewe, neno kwa neno, kwa kamusi. (Kiswahili hiki ninachoandikia nacho nimejifunza hivyo hivyo, baadaye, kwa redio na ukaidi. Mazungumzo yote humu nimeyahamisha.)

Siku moja nilimwuliza mama mdogo, "Kidonge hiki kinajuaje kwamba panapouma ni kichwani, si mguuni?"

"Kinajua kwa sababu nimekiambia," alisema, kitambaa chenye maji kikiwa machoni pake. "Na wewe nakuambia nyamaza."

Swali hilo lilinifurahisha mno. Nililiandika ndani ya jalada la daftari, nikalipigia mstari kwa rula.

Sasa nikiri. Katika fizikia nilikuwa nimepata saba juu ya ishirini. Karatasi ile niliificha chini ya gunia la mchele, na kila nikichota mchele nilihisi inanitazama. Katika Kifaransa na historia nilikuwa wa kwanza, kila muhula, na nilikuwa nimezoea kuwa wa kwanza kama mtu anavyozoea sukari kwenye chai. Nikichukua A, ningebaki wa kwanza mpaka bakalorea, mtihani wa kumaliza lise. Nikichukua D, huenda ningekuwa wa ishirini na tano. Kwa hiyo nilitia nukta kwenye kisanduku cha A. Kwa penseli, nyepesi, ya kuonekana na mimi peke yangu.

"Tia D," alisema mama mdogo bila kugeuka kutoka kwenye kikaango.

"Nikishindwa je?"

"Utakuwa umeshindwa. Mimi nimeshindwa ndoa mbili na mikate yangu bado inaumuka." Akageuza mkate. "Ila sahihi si yangu. Mpelekee mjomba wako."

Ndivyo ilivyo kwetu, sisi wenye asili ya Komoro: jambo la mtoto likiwa zito, hupelekwa kwa kaka wa mama. Mjomba wangu alikuwa kisiwani Nosy Be. Fomu niliipachika baina ya vipande viwili vya kadibodi, nikaitia ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya mfuko mwingine. Nilisafiri hivyo mpaka bandari ya Antsahampano, na ndani ya boti nikaipakata wakati wengine wamepakata kuku.

Mjomba alikuwa msimamizi wa mtambo wa kukeneka mafuta ya mlangilangi kwenye shamba la watu wengine. Wanawake walichuma maua ya manjano alfajiri, jua halijawa kali; maua yalimiminwa ndani ya pipa kubwa la shaba, yakapitishiwa mvuke, na mvuke ukapozwa kwenye bomba lililozungukwa na maji baridi. Kilichotoka kilidondokea ndani ya chombo cha shaba chenye shingo ndefu, na humo maji yalikaa chini, mafuta yakapanda juu, safi kama kioo. Mafuta ya mwanzo ndiyo bora kuliko yote. Yanayofuata ni daraja la kwanza, kisha la pili, la tatu. Mjomba aliyatenga kwa pua na kwa kipimo cha kioo kinachoelea. Pua ndiyo aliyoiamini zaidi.

"Bibi profesa kaja!" walipiga kelele wachumaji waliponiona na mfuko wangu. "Umebeba mahari?"

"Nimebeba fomu."

"Basi hujaolewa, umesajiliwa!"

Mjomba alifuta mikono, akaitazama fomu kwa mbali bila kuigusa. Akasema tutazungumza mafuta ya kesho yakishatoka. Nilikubali, nikaomba nisaidie kazi. Nilitaka anione msichana asiyekosea, ili nikimwambia "nataka A" aamini kwamba nimepima.

Kesho yake, kabla hawajawasha moto, nilikiona kile chombo cha kutenganishia mafuta. Kilikuwa na utando wa kahawia ndani ya shingo. Mimi siwezi kula kwenye sahani yenye doa. Ningewezaje kuacha mafuta bora ya Nosy Be yadondokee humo? Nikachukua kipande cha sabuni ya kufulia. Nikasugua, nikasugua tena, kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, mpaka shaba ikang'aa kama sufuria ya harusi. Nikakisuuza mara moja tu, maana nilisikia hatua za mjomba nami nilitaka akikute tayari. Kwa miaka yote wao walikisafisha kwa maji ya moto tu. Hakuna aliyewahi kunikataza sabuni, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiria kwamba mtu angeileta.

Moto ukawaka. Mvuke ukapita. Matone ya kwanza yakaanguka, na harufu ikajaa banda zima. Mjomba aliinama kutazama. Nami nikainama.

Badala ya maji chini na mafuta juu, chombo kilikuwa na maziwa. Meupe, mazito, bila mpaka wowote.

"Nani kaosha hiki?" aliuliza.

"Mimi, mjomba."

"Kwa nini?"

"Kwa sabuni."

"Sikuuliza kwa kitu gani—" Akasita, akafumba macho. "Kwa sabuni. Allah!"

Mchumaji mmoja aliyekuwa akipima maua akasema, "Mwacheni, kayaosha mafuta yenyewe, yaende mjini safi!" Wenzake wakacheka mpaka vikapu vikatikisika. Nilitamani kuingia ndani ya pipa pamoja na maua. Mafuta ya mwanzo ndiyo yaliyompa mjomba heshima mbele ya wenye shamba, na mimi nilikuwa nimeyageuza maziwa kwa usafi.

Mjomba aliweka chombo kingine haraka mahali pake. Kisha akaniambia, "Kimbia jikoni. Chumvi. Ile ya mawe."

Nilikimbia. Alimimina maziwa yale ndani ya chupa kubwa ya kioo, akatia chumvi konzi mbili, akaitikisa polepole, akaiweka juu ya gogo. "Kaa hapo. Usiguse kitu."

Nikakaa. Mwanzoni nililia kidogo, kisha nikasahau kulia. Chini ya chupa palianza kuonekana weusi mwembamba wa maji. Juu pakaanza kung'aa. Baina yao utando mweupe ulisinyaa kama wingu linalorudi nyuma, taratibu, nami nikausogeza uso karibu na kioo. Sabuni ilikuwa imeyafunganisha maji na mafuta. Chumvi ilikuwa ikiyaachanisha. Kulikuwa na sababu! Ilikuwa mle ndani ya chupa, ikifanya kazi mbele ya macho yangu, na mimi sikuijua.

"Mjomba! Mjomba, kwa nini chumvi inafanya hivi?"

Alikuja, akasimama na mikono kiunoni. "Inafanya, basi. Nilifundishwa na aliyenitangulia."

"Lakini kwa nini?"

"Mtoto huyu! Kaniharibia mafuta bora, yamekuwa daraja la pili, na bado ananidai majibu." Hakuwa amekasirika, nilimwona akijizuia kucheka. "Mimi najua kwamba inatenganisha. Kwa nini, sijui. Nenda ukajue, halafu uje uniambie. Fomu iko wapi?"

Niliitoa kwenye mfuko, na mfuko wa ndani, na kadibodi. Kemia haikuwamo katika A. Nilijua, kwa uhakika ulionifanya nicheke peke yangu, kwamba ningeweza kuwa wa kwanza miaka yote na nisiambiwe kamwe kilichotokea ndani ya chupa ile. Nikatia alama kwenye D. Kwa kalamu ya wino. Mkono wangu ulikuwa na mafuta, na doa likaenea kwenye kona ya karatasi, likaifanya iwe ya kupenyeza mwanga. Mjomba akatia sahihi yake kando ya doa, na doa lingine juu yake.

Siku ya kwanza ya muhula karani aliipokea fomu, akaisogeza puani. "Hii ni ya masomo au ya harusi?"

"Ya masomo," nilisema. Nilikuwa sijafuta kitu, hata ile nukta ya penseli kwenye A. Hakuiona.

Mtihani wangu wa kwanza wa fizikia katika D nilipata tisa. Niliubandika kwenye kabati la mikate. Mama mdogo aliutazama, akasema, "Mbili zimeongezeka." Sikujua kwamba siku zote alikuwa ameiona ile saba chini ya gunia.

Jibu la sabuni lilikuja mwaka wa mwisho, ubaoni, kwa chaki: chembe yenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta, na chumvi inayokinyima kichwa hicho nguvu. Nilisimama bila kuitwa. Sasa niko mwaka wa pili wa masomo ya dawa, na mwezi uliopita tuliambiwa kwamba utando wa kila chembe hai ya mwili umejengwa kwa vichwa na mikia ya namna hiyo hiyo, na kwamba dawa nyingi hazina budi kuupenya. Kidonge cha mama mdogo hakijui kichwa kilipo. Kinakwenda kila mahali. Usiku ule nilimwandikia mjomba kurasa sita, na michoro.

Jibu lake lilikuwa mistari miwili. Amesomewa, amefurahi, na wachumaji wote wamesikia. Nikija likizo nimletee kila ninachokijua, ila sabuni niiache Mahajanga.