Chui Asiye na Macho

Kituo chetu cha sanaa pale Kinondoni kilikuwa zamani godauni la shirika la umma, lililokufa kama yalivyokufa mengi siku zile: kwanza mishahara, kisha umeme, mwisho mlinzi. Wafadhili walipokuja kulikarabati, sisi wachoraji saba tulitolewa nje, tukajibanza kwenye banda la mabati kando ya uzio. Karibu miaka miwili tulichora humo, vumbi la saruji likitua juu ya rangi mbichi. Tulivumilia kwa sababu tuliahidiwa vyumba, kila mchoraji na dirisha lake na ufunguo wake. Kuta zilipoanza kupakwa rangi niliingia kuchungulia, nikahesabu milango. Ilikuwa sita.

Pale pale nikaamua kwamba atakayebaki nje awe fundi wetu.

Fundi alikuwa mzee wa Temeke, na ndiye aliyetufundisha wote. Banda letu lilikuwa na utaratibu: mmoja alipaka msingi, ile rangi ya nyuma, mwingine miti na nyasi, mimi nilichora mnyama na kumtia madoadoa, kisha picha ilipelekwa kwa fundi atie macho. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Aliuweka ubao mapajani, akashusha pumzi, akagusa mara mbili tatu kwa brashi ya nywele chache, na chui aliyekuwa kama gunia akaanza kukutazama wewe. Kisha aliandika jina lake pembeni. Miaka tisa chui wangu walisafiri hadi Ulaya na jina la mtu mwingine. Nilimchukia kwa hilo, na leo sitaki kulipaka asali.

Basi nilimwendea mkurugenzi mpya, kijana aliyerudi masomoni ng'ambo na neno moja mdomoni, ubunifu. Nikamshauri kwamba siku ya ufunguzi kila mchoraji achore picha yake peke yake mbele ya wageni, ndipo vyumba vigawiwe kwa ubora wa picha. Alifurahi hadi akanishika bega. Mimi nilijua kuwa fundi hakuwa amechora mnyama mzima kwa miaka mingi. Vidole vyake vilitetemeka, vikatulia kwenye macho tu, sijui kwa nini.

Rangi yetu ilikuwa ile ya kupakia baiskeli, haikauki upesi, kwa hiyo msingi ulipakwa siku moja kabla. Fundi akanijia na ubao mtupu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Nipigie msingi basi, na chui umwanzishe. Macho n'takuja kutia mwenyewe."

"Safari hii kila mtu na wake, fundi. Ndo sheria."

Alicheka, akidhani namtania. Alipoona sicheki, alikwenda kuupaka mwenyewe, ukamtiririka hadi kwenye kanzu.

Siku ya ufunguzi utepe ulikatwa, hotuba zikasomwa, ngoma zikapigwa. Tukapangwa saba ukumbini, migongo ukutani, marumaru mapya yakiteleza chini ya kandambili zetu. Fundi alichora kitu chenye miguu minne. Mama mmoja wa wageni akauliza kama ni mbuzi. Nilicheka mimi wa kwanza, kwa sauti, ili wengine wasione vibaya kucheka. Fundi naye akacheka kidogo, akafuta, akaanza upya. Ikawa mbaya zaidi, na moyo wangu ukaburudika.

Nikamgeukia chui wangu nimmalize. Ndipo nilipouona ujinga wangu. Kwa kuhangaikia udhaifu wa mwenzangu nilikuwa nimesahau kabisa kwamba maishani mwangu sijawahi kutia jicho. Nilijaribu, akatoka chui mwenye makengeza. Nikafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikajaribu tena, akatoka chui aliyefiwa. Nikafuta tena, jasho likinitoka mgongoni.

Wageni wakaitwa uani kwenye soda na sambusa. Wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilikuwa nimeshaingia hadi kiunoni. Fundi aliinuka kwenye kiti chake, akaja na brashi yake ndogo.

"Sogea kidogo, mwanangu."

Alishusha pumzi, akatia macho mawili, akarudi kukaa mbele ya mbuzi wake. Safari hii hakuandika jina.

Mkurugenzi alirudi na mgeni rasmi. Walisimama mbele ya chui wangu, wakainama kumtazama kwa karibu.

"Macho haya," mkurugenzi akasema, "ni wewe uliyeyatia?"

Fundi alikuwa hatua tatu kutoka pale, akisafisha brashi. Alinyanyua uso akanitazama, akingoja.

"Ni mimi," nikasema. "Yote ni mimi."

Aliinamia tena brashi yake, akaendelea kuifuta, ingawa ilikuwa imeshatakata.

Chumba nilipewa, chenye dirisha la upande wa barabara. Fundi alirudi Temeke na ubao wake kwapani, na baadaye nikasikia anapaka rangi baiskeli za watu. Mimi nilikaa chumbani mle miaka minne nikichora ndege, kwa sababu jicho la ndege ni nukta tu.