Arobaini ya Mke Wangu na Sakafu ya Bafu

Kosa langu la kwanza katika nyumba yetu lilikuwa kuisawazisha sakafu ya bafu kupita kiasi. Ujenzi nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu, nikiwa kibandani kwangu ninakotengeneza simu za watu hapa Kilindoni. Kwenye video zile niliona mafundi wanavyoiamini pima maji, kile kipimo cha usawa, basi nami nikaiweka kila kona, nikakwangua na kurudia hadi sakafu yote ikawa sawa. Nikamalizia kwa niru, ule uji wa saruji tupu, ikang'aa na kuteleza kama sahani. Sikukumbuka kwamba maji yanahitaji mteremko ili yalifikie tundu.

Tulipokuwa wawili haikutusumbua. Tulioga kwa kata, kisha nikayasukuma maji kwa ufagio. Shida ilianza mke wangu alipojifungua.

Kwetu, kwa mtoto wa kwanza, mzazi hukaa kwa mama yake hadi arobaini. Mimi nilikataa. Niliogopa barabara ya kwenda kwao Bweni na mashimo yake, niliogopa homa, niliogopa mambo ambayo hata nisingeweza kuyataja. Zaidi ya yote niliogopa mwanangu asije akazizoea sauti za watu wengine kabla ya yangu. Nikampigia mama mkwe, nikamwomba aje yeye.

"Haya, baba, nitakuja," alisema. "Ila nikiona mwanangu anapata taabu, naondoka naye."

Niliapa kwamba hatapata.

Alikuja na kikapu cha majani ya kuchemshia. Asubuhi na jioni alimkanda mke wangu kwa maji ya moto, na kukanda si kuoga: ni ndoo baada ya ndoo, kitambaa kinachovywa, kinakandamizwa tumboni na kiunoni, na maji yanamwagika ovyo. Mimi nilichemsha maji uani kwa kuni na kuziacha ndoo mlangoni mwa chumba. Bafu liko ndani ya chumba, na kuingia nisingeweza, mama mkwe akiwa humo amejifunga kanga kifuani. Nilisimama sebuleni nikisikiliza.

Siku ya kwanza tu maji yalitoka bafuni, yakavuka chumba, yakapita chini ya mlango na kunilowesha miguu.

"Baba!" aliita. "Hili bafu au bwawa la kufugia kamba?"

"Yasukume kwa ufagio, mama!"

"Niushike kwa meno? Mikono yote iko kwa mwanangu!"

Nikamsikia mke wangu akicheka, kisha akiguna. "Mama, usinichekeshe, nyuzi zinauma!"

Godoro alilolalia mama mkwe chini lililowa upande mzima. Nililianika juani, nikaahidi kurekebisha. Nikajenga tuta la saruji mlangoni mwa bafu, lakini saruji inataka kuachwa ikauke, na jioni ukandaji ukawadia. Tuta likasombwa lote. Nikakata ndala kuukuu nikazipigilia chini ya mlango wa bafu. Mlango ukakwama, wao wakiwa ndani, na mtoto akaamka kitandani akilia. Niliingia chumbani, nikambeba, nikasimama pale.

"Uvute!" mama mkwe alisema.

"Nimembeba mtoto!"

"Mlaze!"

"Analia, mama!"

"Atalia hata ukimbeba. Vuta!"

Sikuvuta wala sikumlaza. Mama mkwe aliupiga mlango teke, ukafunguka kwa kishindo na maji yakaja nao, nami nikageukia ukuta na mtoto wangu kifuani.

Nilijua ugonjwa na nilijua dawa: kuivunja sakafu kwa tindo na kuipiga upya. Lakini vumbi lingemwingia mtoto, na mzazi angekandwa wapi huku saruji ikikauka? Nikawa napita mbele ya bafu lile kama mtu anayedaiwa.

Kisha mke wangu akateleza. Hakuanguka, mama yake alimdaka kwapani. Mimi nilisikia ukelele tu na ndoo ikibingirika. Niliita, "Vipi? Vipi?"

Mama mkwe alitoka, kanga imelowa chapachapa. Hakufoka. "Baba, sina ugomvi na wewe. Naondoka na mwanangu."

"Mama, nipe siku mbili tu."

"Mzazi asubiri saruji?"

Nikamtazama mke wangu aliyekuwa amekaa kitandani, nikitegemea atanitetea.

"Mwache mama anipeleke," alisema. "Kila nikisikia unachemsha maji, naogopa."

Nilitafuta gari na kumwomba dereva mara tatu aende polepole. Mtoto alikuwa amelala, hakujua lolote. Mama mkwe alichungulia dirishani. "Ijumaa uje. Lete pweza wa supu. Hiyo pima maji yako iache hukohuko."

Niliivunja sakafu jioni ileile, lakini hawakurudi hadi arobaini ilipokwisha. Kila Ijumaa nilikwenda Bweni, na kila mara mwanangu alilia nilipompakata.

Siku hizi halii. Mke wangu ana mimba ya pili, na tumekubaliana kwamba akijifungua atakaa kwa mama yake. Safari hii sikubisha.