Maharage Kitandani

Jamani akina mama wenzangu, siku hizi nabana makaa: maharage nayachemsha kidogo tu, kisha naifunga sufuria kwa blanketi la mtoto na kuilaza kitandani, yamalizie kuiva humo.

Juzi niko uani nafua, mama mkwe kafika kutoka Zinga, kaingia chumbani, mara nasikia, “Mwanangu, njoo! Mtoto anaungua kwa homa!” Nikatupa nguo, nikakimbia, namwita mwanangu kwa jina, kumbe nimembeba mgongoni.

Mama akafunua blanketi. Akanitazama, akaonja punje moja.

“Bado kidogo. Na makaa umetumia kiasi gani?”

“Ya kuchemshia tu, mama.”

Akaifunga sufuria upya, akaipigapiga taratibu kama anayembembeleza mjukuu.

“Shusha sauti basi,” akaniambia.