Hodi ya Tatu

Juzi, pale stesheni ya Kilosa, nilimwona binti wa Kizungu akifundishwa na mama ntilie namna ya kubisha hodi. Akabisha, watu wakacheka, nami nikashindwa kumaliza chai yangu.

Mama yangu alimfundisha jirani yetu wa Kizungu, Bi Inga, vivyo hivyo, kwetu Magomeni ya hapo hapo Kilosa. Mumewe alikuwa akichimba visima vya vijiji vya ujamaa huko upande wa Mikumi, hivyo alishinda peke yake. Mama alimwonyesha kuchemsha maji ya kunywa na kupiga pasi hata kanga, maana kuna nzi hutaga kwenye nguo mbichi na funza wake huingia mwilini. "Na ukibisha hodi mara tatu usijibiwe, dada, ondoka," alimwambia. "Wenyewe wana lao."

Alasiri moja tulimpelekea mapapai. Mlangoni palinuka mafuta ya taa. Mama alibisha hodi zote tatu. Ndani tulisikia sauti ya Bi Inga ikizungumza kwa lugha ya kwao, taratibu, ikinyamaza, ikianza tena.

"Ana mgeni," mama alininong'oneza. Nilifurahi kwamba hatimaye amepata mwenzake wa kuongea naye. Tukayaacha mapapai kibarazani.

Hapakuwa na mgeni. Ilikuwa homa iliyomsemesha ovyo, na mumewe aliporudi aliyakuta mapapai yetu pale pale, na mkewe amekwisha kufa.

Tangu hapo mpaka uzeeni, majirani walimsema mama kwamba hana adabu. Kila nyumba alikuwa akibisha hodi moja tu, tena akiwa ameshaingia.